Msizifute Kelele za Watu

Wanaosema albamu ya laivu ni makombo ya albamu ya studio hawajaisikiliza kanda nzima. Wamemsikiliza mwimbaji, wamelisikiliza gitaa, wakawaacha nje maelfu ya watu waliojaa mbele ya jukwaa. Halafu wanatutangazia ati kilichobaki ni wimbo uleule, ila umechafuka.

Kauli hii imetawala kwa mashabiki wa hevi metali hapa Kenya, na wanaoisema ni watu wanaoupenda muziki huu kwa dhati. Ndiyo maana inaniuma. Mwambie mmoja wao akutajie albamu tano za Iron Maiden, atakutajia tano za studio. Ukimtajia Live After Death atakujibu kwamba nyimbo hizo tayari anazo. Kisha atakuhesabia makosa: sauti imepwaya, wimbo umekimbizwa, mwimbaji ameikwepa noti ya juu, na kuna watu wanapiga mayowe. Hilo la mwisho analitaja kama kasoro. Mimi nasema hilo la mwisho ndilo linaloifanya albamu ya laivu istahili kuwepo, na asiyelisikia amekosa nusu ya muziki.

Nianzie Glasgow. Tarehe 30 Aprili 1978 AC/DC walipiga katika ukumbi wa Apollo mjini humo, na kutokana na usiku huo ikapatikana albamu ya If You Want Blood You've Got It. Ndani yake mna "Whole Lotta Rosie", wimbo waliokuwa wameurekodi studioni mwaka mmoja nyuma kwa ajili ya Let There Be Rock. Usikilize kwanza ule wa studio. Gitaa linapiga kipande kifupi, linanyamaza, linapiga tena, linanyamaza. Ile mianya ya kimya ni mitupu. Sasa weka ule wa Glasgow. Kila gitaa linaponyamaza, ukumbi mzima unaitikia kwa jina la mpiga gitaa: Angus! Gitaa likirudi watu wanakaa kimya, likikatika wanaingia, barabara kwenye pigo lao, hawachelewi wala hawatangulii. Hakuna aliyewaandikia sehemu hiyo. Leo wimbo huo ukipigwa popote duniani, watu huingia palepale na jina lilelile, na ukimpigia shabiki ile nakala ya studio utamsikia akijaza mianya kwa mdomo wake mwenyewe.

Basi wenye kauli wanijibu: nani aliutunga wimbo huu kama unavyojulikana leo? Angus na Malcolm Young pamoja na Bon Scott waliutunga, sawa, lakini waliuacha na nafasi, na nafasi hiyo ilijazwa na watu waliokata tiketi. Wala haishangazi kuona jambo hili likitokea Glasgow. Ndugu hao wawili walizaliwa mji huo kabla ya familia yao kuhamia Australia mwaka 1963, na Bon Scott naye alikuwa mzaliwa wa Scotland. Waliporudi jukwaani mara ya pili usiku ule walivaa jezi za timu ya taifa ya Scotland. Mcheza kwao hutunzwa, na tuzo waliyopewa ilikuwa ni kuitikiwa.

Kwa mtu wa pwani jambo hili halikupaswa kuhitaji maelezo. Hapa Tezo, kuanzia barabara kuu ya Malindi hadi ndani kwenye mikorosho, mwanzele ukipigwa mwimbaji hutoa mstari na waitikiaji wakaumaliza. Waondoe waitikiaji, na mwimbaji anabaki akijisemea peke yake uwanjani. Hakuna mzee wa Kigiriama atakayekwambia kwamba wimbo halisi ni ule mwimbaji alioufanyia mazoezi nyumbani kwake, na kwamba huu wa uwanjani, wenye vumbi na makofi na kina mama wanaoingilia kati, ni nakala yake mbaya.

Upande wa mjini, taarabu ilitufundisha somo hilohilo kwa kaseti. Kanda za harusi zilisikilizwa nyumba kwa nyumba kutoka Mombasa mpaka Lamu, na waliokuwa na kanda za Juma Bhalo walijua mahali pa kutegea sikio. Mshairi alificha maana, vigelegele vikaifichua. Beti mbili zingepita kimya, kisha mstari mmoja ukapokelewa kwa kishindo, nawe uliyekaa nyumbani na redio yako ukajua kwamba hapo fumbo limempata mwenyewe. Mtu akitoka kwenda kutunza, mwimbaji aliurudia mstari kwa ajili yake, na kurudia huko kukabaki kwenye kanda. Studio isingeweza kukupa habari hiyo, maana studioni hapakuwa na wa kuchomwa. Waliozinunua kanda hizo hawakuziita makombo. Walizikopesha kwa masharti, na zikikawia kurudi ugomvi ulizuka.

Sasa wajukuu wa wasikilizaji hao wanakuja kutwambia kwamba sauti ya watu ni uchafu.

Karibu na steji ya Tezo kuna kibanda cha simu, na kijana wa pale ndiye anayenijazia nyimbo kwenye memori kadi. Ana bidii na ana masikio. Metallica na Slipknot anaziweka kati ya ngoma za disko matanga na nyimbo za injili, habagui. Safari moja alinirudishia kadi akaniambia, "Mzee, zile za laivu nimekutolea. Zinakula nafasi, na mwanzo wake ni makelele tu." Alifanya kwa nia njema, akidhani ananisaidia. Lakini miongoni mwa alizozitoa ilikuwamo "Running Free" ya Long Beach, na kwa wimbo huo nitasimama kidogo.

"Running Free" ya studio, ya mwaka 1980, ina dakika tatu na ushei. Ya Long Beach, iliyomo kwenye Live After Death, ina dakika 8. Hizo dakika tano za ziada ndizo kijana aliona zinakula nafasi. Ni Machi 1985, Iron Maiden wanapiga siku nne katika ukumbi wa Long Beach Arena huko California, wakiwa safarini tangu Agosti mwaka uliotangulia, walipoanzia Poland na kupeleka jukwaa zima nyuma ya Pazia la Chuma. Bruce Dickinson amechoka. Koo lake limekwaruzika, na kwenye nyimbo nyingine unamsikia akiishusha noti ambayo studioni aliifikia bila taabu. Katikati ya "Running Free" magitaa yanarudi nyuma, besi ya Steve Harris na ngoma za Nicko McBrain zinaendelea kutembea, na Dickinson anaanza kazi ambayo yeyote aliyewahi kuongoza ngoma Kilifi ataitambua. Anawagawa watu. Upande huu anauita, unaitikia. Upande ule anauita, unaitikia kwa nguvu zaidi. Anaulaumu wa kwanza. Unarudi na hasira. Mwisho anawaita wote pamoja, na bendi inaporudi na kiitikio, wimbo umebadilika. Ule wa studio ulikuwa wa kijana mmoja aliyetoroka nyumbani. Huu umekuwa wa ukumbi mzima, na uchovu wa mwimbaji umekoma kuwa udhaifu, kwa kuwa ndio uliomlazimu awape watu kazi ya kuimba.

Niambieni hapo ni wapi pa kufuta.

Najua jibu linalofuata, kwa sababu huwa halikawii: ati hizo laivu zenyewe ni uongo. Na hapa wenye kauli wana ushahidi, tena mwingi, na siupuuzi. Unleashed in the East ya Judas Priest, iliyorekodiwa Tokyo Februari 1979, ina sauti ya Rob Halford iliyoimbwa upya studioni kwa kuwa alikuwa mgonjwa siku za maonyesho na sauti yake haikufaa. Watu wakaibatiza jina la kejeli, wakisema imefunguliwa studioni badala ya mashariki. Live and Dangerous ya Thin Lizzy ya mwaka 1978 ina mgogoro wake: prodyuza Tony Visconti alisema sehemu kubwa ilipigwa upya, bendi ikakataa, na ubishi huo haujaisha hadi leo. No Sleep 'til Hammersmith ya Motörhead, iliyoingia moja kwa moja nafasi ya kwanza Uingereza mwaka 1981, imetokana zaidi na maonyesho ya Leeds na Newcastle. Huko Hammersmith kwenyewe hakikurekodiwa kitu.

Mpinzani anayaweka haya mezani na kuona ameshinda. Ameshinda nini? Amethibitisha kwamba sauti ya mwimbaji inaweza kurekebishwa. Lakini mimi sikuwahi kudai kwamba ninasikiliza laivu ili nihakikishe Halford hakuwa na mafua. Chukua "Victim of Changes" kwenye kanda hiyo ya Tokyo. Ngoma za Les Binks ni za usiku ule, magitaa ya K. K. Downing na Glenn Tipton yanasukumana kwa kasi ambayo studio za Judas Priest za miaka ya sabini hazikuwahi kuitoa, na kasi hiyo ilitoka kwa watu waliokuwa mbele yao. Halford aliporudi kuimba alilazimika kuifuata. Aliimba juu ya moto uliokwisha kuwashwa na Wajapani. Hebu zilinganishe nyimbo hizo na zilivyokuwa kwenye albamu zao za awali, kisha uniambie mashabiki wa Tokyo hawakubadilisha chochote.

Kipimo changu basi ni hiki. Mwimbaji akirudia mstari studioni, ninavumilia. Prodyuza akiwatengeneza watu, sivumilii. Kwa kipimo hicho Alive! ya Kiss ya mwaka 1975, inayotajwa na wengi kama mama wa albamu zote za laivu, naishusha. Tatizo langu si kwamba wapigaji walirudia sehemu zao, maana hilo wengi wamelifanya. Tatizo langu ni kwamba prodyuza Eddie Kramer alizungusha kanda za makofi ili umati uonekane mkubwa na usionyamaza. Ukishasikiliza mara kadhaa unaanza kuhisi kwamba watu wale wanashangilia kila kitu kwa kiasi kilekile, na anayeshangilia kila kitu hajajibu lolote. Live Undead ya Slayer ya mwaka 1984 nayo imeshukiwa kwa muda mrefu kwa sababu hiyohiyo, na ukiisikiliza kwa makini utaelewa kwa nini: bendi na watu wanapishana kama hawakuwa chumba kimoja. Hapo wenye kauli wangenikuta nikiwaunga mkono. Wao lakini hawagusi huko. Wanakimbilia koo la Halford.

Kuna mtu wa pwani hii aliyelielewa jambo hili kuliko karibu kila mwimbaji aliyewahi kushika maiki, na tunapenda kumtaja kwa mengine yote isipokuwa hili. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja mwaka 1946, akaondoka na familia yake kwenda Uingereza mwaka 1964, akajulikana kama Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen. Msiniambie Queen si hevi metali. Nusu ya bendi za chuma za miaka ya themanini zilijifunza gitaa kwa Brian May, na sina haja ya kubishana zaidi juu ya hilo. Sikilizeni "Love of My Life" kwenye Live Killers ya mwaka 1979. Studioni, mwaka 1975, wimbo huo ulikuwa na piano na kinubi na sauti ya Mercury iliyopangwa tabaka juu ya tabaka. Jukwaani kuna gitaa moja la May, na Mercury anafanya jambo ambalo mtu mwenye sauti kama ile hana sababu ya kulifanya: anawaachia watu. Wanaimba, naye anawasikiliza. Ni mwimbaji gani wa studio aliyewahi kunyamaza kwenye mstari wake bora na wimbo ukazidi kuwa mzuri? Kipande hicho kilitolewa kama singo, yaani kampuni ya rekodi nayo iliona kwamba watu wa ukumbini walikuwa na kitu cha kuuzwa.

Hoja ya mwisho ya upande wa pili ndiyo inayonigusa zaidi, kwa kuwa husemwa kwa upole. Wanasema: laivu ni ya aliyekuwepo. Sisi wengine tutapata nini kwenye furaha ya watu wa Long Beach?

Huyu anayesema hivyo amesahau anaishi wapi. Bendi hizi hazijapiga Kilifi. Hazikupiga Mombasa. Mtu wa Tezo anayeupenda muziki huu anaupenda peke yake, usiku, kwa spika za masikioni, akiwa amezungukwa na majirani wanaodhani amepotoka. Akiweka albamu ya studio anapata muziki safi na upweke uleule. Akiweka Live After Death anawekwa katikati ya watu wanaojua kila neno analolijua yeye. Kwa miaka mingi sikuwa na mtu wa kuitikia naye hapa isipokuwa watu wa kwenye kanda hizo. Aliyekuwepo Long Beach ana kumbukumbu zake zinamtosha. Albamu ilitengenezwa kwa ajili ya ambaye hakuwepo, na hakuna asiyekuwepo kutuzidi sisi.

Tazama pia Made in Japan ya Deep Purple ilivyozaliwa. Agosti 1972 bendi ilipiga siku tatu, mbili Osaka na moja katika ukumbi wa Budokan mjini Tokyo. Kampuni ya Japani ndiyo iliyotaka kurekodi, na Deep Purple wenyewe hawakuwa na shauku. Walidhani kanda hiyo ingeuzwa Japani tu na kuishia huko. Gharama yake ilikuwa kama dola 3,000. Martin Birch, ambaye miaka 13 baadaye angekuwa prodyuza wa Live After Death, alisimamia urekodi, na vipande vilivyochaguliwa viliachwa jinsi vilivyopigwa. Kwenye "Strange Kind of Woman" Ian Gillan na gitaa la Ritchie Blackmore wanajibizana, sauti inaiga gitaa na gitaa linaiga sauti. Na kwenye "Child in Time", ambayo inapita dakika 12, kuna jambo lingine ambalo wanaozungumzia mayowe hawalifikirii: watu wananyamaza. Kinanda cha Jon Lord kinaanza chini kabisa, na ukumbi umetulia kiasi kwamba unahisi ukubwa wake kwa ule utulivu. Kimya cha watu wengi hakifanani na kimya cha chumba kitupu. Albamu hiyo ambayo wenyewe hawakuitaka ndiyo ambayo leo inatajwa mbele ya kazi zao nyingi za studio.

Nakubali zipo laivu mbovu. Zipo zilizotolewa kutimiza mkataba, zipo zenye ngoma za dakika ishirini ambazo hata mpigaji amechoka nazo. Studio nazo zina albamu mbovu chungu nzima, na hakuna aliyewahi kusema kwa sababu hiyo kwamba studio ifungwe.

Kinachonisukuma kuandika kwa ukali ni hasara inayotupata hapa nyumbani. Kenya ina hevi metali yake. Parking Lot Grass, Murfy's Flaw, Last Year's Tragedy, Seismic, Lust of a Dying Breed: majina haya yamejaza kumbi za Nairobi kwa miaka, na waliokuwepo wanasimulia usiku ambao kuta zilitoa jasho. Lakini kwa kuwa kauli ya makombo imetawala, bendi ikipata pesa kidogo huzipeleka studio kwa wimbo mmoja uliopigwa msasa mpaka hauna kona. Ule usiku wenyewe unabaki kwenye simu za watu, sauti imepasuka, na simu ikiibwa kwenye matatu umekwenda.

Martin Khanja, aliyetoka Lust of a Dying Breed, na Sam Karugu, aliyetoka Seeds of Datura, waliunda Duma, wakarekodi Kampala mwaka 2019, na albamu yao ikatolewa na Nyege Nyege Tapes mwaka 2020. Dunia iliisikia, wakaitwa Ulaya. Ni albamu kali na naisifu bila kupunguza. Hata hivyo imerekodiwa bila watu. Khanja, ambaye sasa anajulikana kama Lord Spikeheart, ni mtu wa jukwaa kabla ya kuwa mtu wa maiki ya studio, na nina njaa ya kusikia Wakenya wakimjibu. Wataitikia vipi? Kwa Kiswahili, kwa Kikuyu, kwa Sheng? Watajaza mwanya gani ambao yeye hakujua kwamba ameuacha? Sijui bendi nyingine yoyote ya nchi hii iliyo na deni kubwa hivi kwa mashabiki wake, na deni lenyewe ni kanda moja tu.

Wala hilo si jambo la mamilioni. Kila mwisho wa mwaka Kilifi hujaa wageni wa Beneath the Baobabs, na mitambo ya sauti inayofungwa hapo ni ya hali ya juu. Fundi wa disko matanga kutoka Matsangoni anaweza kusukuma sauti ikasikika vijiji vitatu, kwa jenereta na spika alizoziunga mwenyewe. Vifaa tunavyo na mikono tunayo. Bendi ya Nairobi ikishuka huku Disemba, imwite fundi mmoja kabla ya onyesho, imwombe afunge maiki mbili za ziada mbele ya jukwaa, zigeuzwe kuwatazama watu, zirekodiwe kwenye njia zao pekee. Na yule kijana wa kibandani nimeshamwambia aache memori wazi.